Naomba ushauri: pa kukaa kimya kampasi ya Kasapa kabla ya sesheni ya mitihani

Mwana_Kasapa: Ndugu zangu, nisaidieni. Niko mwaka wa tatu Sheria, hapa Lubumbashi, nalala kwenye homu, bweni la wanafunzi. Chumba kilipangiwa watu wanne, sasa tuko saba, wawili kwenye kigodoro kimoja chini. Huyu anapika kwa makala koridoni, yule ana redio, jirani wa pili wanakesha kwa maombi. Simlaumu mtu, wote wanatafuta maisha. Ila jana usiku nilisoma mstari mmoja mara nne, na mara ya nne nikaona herufi zinacheza. Kichwa kinanigonga wiki ya pili sasa. Sitafuti pa kusomea. Nataka mahali nikae nusu saa bila kuulizwa kitu, halafu nirudi. Pesa ya taksi kila siku sina.

Yaya_Katuba: Pole sana mdogo wangu. Mimi nilihangaika kutafuta mahali, kumbe cha kutafuta ni saa. Kasapa ya saa kumi na moja na nusu alfajiri si ile ya saa nne. Toka kabla watu hawajapanga bidoni za maji, kaa kwenye ngazi za oditwari (ukumbi wa mihadhara) zinazotazama mashariki. Vaa koti. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na Juni hii simenti inakuwa barafu. Nilikuwa nabeba kipande cha katoni cha kukalia. Simu niliiacha chumbani, na hilo usilipuuze.

Mkulima_Agro: Njoo mashambani kwetu jioni. Usikae tu, omba jembe utusaidie kumwagilia na kupalilia mboga. Mikono ikishika udongo, kichwa kinatulia chenyewe. Nakwambia kwa sababu mwaka jana kilinitokea hicho hicho.

Mama_BelAir: Wanangu, alfajiri peke yako hapana, hasa kwa wasichana. Binti yangu alinyang'anywa simu pale njia inapoingia kwenye majani marefu. Nendeni wawili, mkubaliane kabla ya kutoka kwamba hakuna kusemeshana mpaka mrudi. Inawezekana, mimi na dada yangu tulifanya hivyo miaka yetu ya masomo.

Yaya_Katuba: Kweli mama. Nilizungumza kama mwanaume, asante kunirekebisha.

Muuguzi_Kamalondo: Wote mmesema vizuri, lakini kichwa cha wiki mbili hakitibiwi kwa kukaa kimya. Mwana_Kasapa, kapime malaria, presha na macho, wiki hii hii. Ukisha, fanya hivi hapo kwenye ngazi: vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka nne, itoe polepole mpaka sita, dakika tano. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta kunashusha mapigo ya moyo. Na kahawa ya usiku acha. Baada ya masaa matano hivi nusu ya kafeini bado iko mwilini, ndiyo maana unalala na macho wazi. Usingizi usiporudi hata ukipona, rudi kwa daktari umwambie hivyo hivyo, usione haya.

Kijana_wa_Golf: Siku ukiwa na nauli, ingia kanisa kuu la Petro na Paulo mjini, mchana wa katikati ya juma. Keti benchi la nyuma, hutasumbuliwa. Bustani ya wanyama pia ni nzuri, ila Jumapili imejaa watoto. Ukivumilia mpaka Septemba, jakaranda zikichanua, kutembea tu kwa mguu kunatosha.

Mwana_Kasapa: Nimerudi. Nilipima, malaria ipo, niko siku ya tatu ya dawa na kichwa kimepungua. Leo asubuhi nilienda kwenye ngazi. Niliyemchukua ni yule wa redio. Kumbe naye halali, anaiwasha ili asisikie mawazo yake. Tulikaa mpaka jua likafika magotini, hakuna aliyesema neno. Kesho tunarudi. Yaya, katoni ulikuwa unaipata wapi? Yetu imelowa umande.

Yaya_Katuba: Kwa wauza sabuni sokoni. Omba mbili.