Mchezaji anahesabiwa sekunde, tangazo linaachwa: sheria za kuharakisha besiboli zimenifika shingoni

Wakuu, heshima kwenu.

Jambo hili nimelimeza tangu 2023 na wiki hii limegoma kushuka, kwa hiyo leo nalitema lote. Ni besiboli, ligi ya Marekani, MLB. Najua humu wengi ni watu wa Simba na Yanga, ila mimi nina miaka kumi na tano huku na mchezo huu umeniingia damuni. Msioujua nivumilieni, nitaeleza njiani.

Besiboli haikuwa na saa. Kila timu ina zamu tisa za kupiga, zamu moja ya kila timu kwa pamoja tunaiita iningi, na mechi inakwisha zamu zikiisha. Uzuri wake uko hapo hapo. Anayeongoza hawezi kujilaza chini kama kipa wa dakika ya 88 anayesubiri filimbi. Lazima asimame pale kwenye kichuguu, kile kijilima cha kurushia, ashike mpira, amrushie mpinzani wake, mpaka mpigaji wa mwisho atolewe. Umebakiwa na mpigaji mmoja na uko nyuma kwa pointi sita? Bado uko hai.

Mwaka 2023 wakauwekea saa. Mrushaji ana sekunde 15 za kurusha kama besi, vile vituo vitatu ambavyo mpigaji anavikimbilia kabla ya kurudi kupata pointi, ziko tupu, 20 kama kuna mtu. Zikimpita, mpigaji anaandikiwa boli ya bure (boli ni mpira mbovu wa mrushaji, zikifika nne mpigaji anakwenda besi ya kwanza bila kupiga). Mpigaji naye lazima awe amesimama tayari, anamtazama mrushaji, kabla sekunde hazijashuka chini ya 8. La sivyo anaandikiwa straiki (zikifika tatu anatolewa) ambayo hakuna mtu aliyeirusha. Mwaka mmoja tu baadaye, 2024, zile 20 wakazishusha zikawa 18.

Rudieni hapo kwenye straiki. Hakuna mtu aliyeirusha! Februari 25, 2023, kwenye mechi za maandalizi kule North Port, Florida, Atlanta Braves walikuwa 6–6 na Boston Red Sox. Iningi ya tisa, besi zote tatu zina watu, wawili wameshatolewa na wa tatu akitolewa zamu inakwisha, boli tatu straiki mbili. Hakuna sehemu tamu kuliko hiyo katika mchezo mzima. Mwamuzi akasimamisha. Mpigaji, kijana Cal Conley, akadhani mrushaji ndiye aliyekosea, akaanza kutembea kwenda besi ya kwanza akijua ameshinda mechi. Kumbe yeye ndiye aliyechelewa. Straiki ya tatu. Mechi ikaisha pale pale, sare, bila mpira kutoka mkononi mwa mtu. Watu uwanjani wakazomea, na walikuwa na haki.

Aprili mwaka huo huo Cody Bellinger akarudi Los Angeles akiwa na jezi ya Chicago Cubs. Huyu aliwachezea Dodgers misimu sita, akawapa ubingwa wa 2020 pamoja na wenzake. Watu wa Los Angeles wakasimama kumpigia makofi anapokwenda kupiga, ile heshima ambayo mji unampa mtoto wake. Akaandikiwa straiki kwa kuchelewa, makofi yakiwa bado yanalia. Mimi nilikuwa naangalia nyumbani, nikazima televisheni. Mtu anaagwa na mji wake, wewe unamhesabia sekunde?

Sasa niwe mkweli, maana sitaki mtu aje aniambie napinga kila kipya. Mechi zilikuwa zimerefuka kupita kiasi. Mwaka 2021 wastani wa mechi ya iningi tisa ulikuwa saa tatu na dakika kumi. Kulikuwa na wapigaji ambao baada ya kila mpira wanatoka kwenye boksi, wanafungua glavu, wanafunga glavu, wanatema mate, wanatazama mawingu. Hata mimi walikuwa wananikera. Lakini dawa ilikuwepo kwenye kitabu! Sheria ya mrushaji kurusha ndani ya sekunde 12 kama besi ziko tupu ilikuwemo miaka mingi kabla ya saa hii. Waamuzi hawakuisimamia, na waliowaajiri hawakuwauliza.

Halafu tujiulize urefu ule ulitoka wapi. Mei 1, 1920, Brooklyn na Boston walicheza iningi 26, nyingi kuliko mechi yoyote ya ligi kuu mpaka leo. Leon Cadore na Joe Oeschger walirusha mwanzo mpaka mwisho, kila mmoja iningi zote 26, wakatoka 1–1 kwa sababu ya giza. Ilichukua saa tatu na dakika 50. Iningi 26! Watu wale hawakuwa na saa nyuma ya migongo yao. Hawakuwa na televisheni ya kusubiri pia.

Hapa ndipo hasira zangu zilipo, na naomba mnisome taratibu. Katika sheria hizi hizi za 2023, mapumziko kati ya nusu moja ya iningi na nyingine ni dakika 2 na sekunde 15. Mechi kamili ina mapumziko hayo 17. Chukueni simu mpige hesabu: ni dakika 38 na ushee. Bado sijaweka mapumziko ya kubadilisha mrushaji katikati ya iningi. Saa yao imepunguza mechi kutoka saa tatu na dakika nne mwaka 2022 hadi saa mbili na dakika 40 mwaka 2023. Dakika 24. Wanazitangaza kama muujiza. Lakini zimetoka kwa nani? Kwenye pumzi ya mrushaji, kwenye kuwaza kwa mpigaji, kwenye mdakaji kubadilisha ishara anazompa mrushaji. Dakika 38 za magari, bima na kamari zimekaa palepale zinatutazama. Mwaka 2019 walizipunguza sekunde chache, basi.

Na nani aliamua? Kamati ya watu 11: wawakilishi wa wamiliki sita, wachezaji wanne, mwamuzi mmoja. Septemba 2022 wachezaji wote wanne waliikataa saa. Wote wanne. Sita ni wengi kuliko wanne, ikapita. Walipotaka kushusha 20 kuwa 18 wachezaji wakakataa tena, ikapita tena. Sasa kamati ambayo upande mmoja unashinda hata kabla ya kikao kuanza ni kamati ya nini?

Msimu ule wa kwanza wa saa, 2023, mechi zilipofupika, timu kadhaa zikasogeza mwisho wa kuuza bia kutoka iningi ya saba hadi ya nane. Milwaukee, Arizona, Texas, Minnesota. Matt Strahm, wakati ule mrushaji wa Philadelphia, alisema kitu chenye akili: bia ilikuwa inasimamishwa mapema ili watu walevuke kabla ya kuendesha gari, sasa mechi imefupika ninyi mnasogeza mbele? Kwa hiyo muda wa mchezo unabanwa kwa ajili ya "mashabiki", muda wa mauzo unarefushwa.

Nije kwenye sheria inayoniuma kuliko zote, na haizungumzwi sana. Mrushaji sasa anaruhusiwa kumrushia mkimbiaji kwenye besi, au kushuka kwenye kichuguu, mara mbili tu kwa kila mpigaji. Akirusha mara ya tatu na asimtoe, mkimbiaji anapewa besi inayofuata bure.

Wenye kumbukumbu rudini Oktoba 2004, Fenway Park, Boston. Yankees wa New York wanaongoza mechi 3–0 katika mfululizo wa saba, na usiku ule wanaongoza 4–3, iningi ya tisa. Mrushaji ni Mariano Rivera, bora wa kufunga mechi kuliko wote waliowahi kuishi. Kevin Millar anapata besi ya kwanza, Boston wanamtoa, wanamwingiza Dave Roberts, mtu wa mbio. Uwanja mzima unajua ataiba besi, yaani atachomoka kwenda besi ya pili bila kusubiri mpira upigwe. Rivera anajua. Anamrushia besi ya kwanza, Roberts anarudi salama. Anamrushia tena. Anamrushia mara ya tatu, anamkosa tena. Watu elfu thelathini na kitu wamesimama, hakuna anayekwenda chooni. Halafu mpira wa kwanza kwa mpigaji, Roberts anachomoka, anaiba besi ya pili kwa unywele. Bill Mueller anapiga, Roberts anaingia, sare. David Ortiz anamaliza iningi ya 12. Boston wanarudi kutoka 3–0, wanachukua ubingwa ambao hawakuuona tangu 1918.

Kwa sheria ya leo, ile ya tatu ya Rivera ingempa Roberts besi ya pili mkononi. Angetembea. Ile mbio ambayo wazee wa Boston watawasimulia wajukuu isingekuwepo, na yote yangeokoa dakika moja.

Nisimulie na langu. Baba yangu ni mzee wa Pangani, mcheza bao. Alikuja kunitembelea 2019, nikampeleka uwanjani. Alielewa haraka kuliko nilivyotegemea, kwa sababu kati ya mpira na mpira kulikuwa na nafasi ya kuuliza na kujibiwa. "Huyu mbona anamtazama yule wa pembeni?" Namwambia baba, anaogopa ataiba. "Ahaa. Anamvizia." Akanyamaza, akatazama, akacheka peke yake yule mtu alipokimbia. Kufika iningi ya sita alikuwa ananiambia mimi mpira gani unafuata. Aliniambia huu mchezo ni kama bao, mtu ana kete mkononi na wewe unamsoma uso.

Mwaka jana amerudi, nikampeleka tena. Mimi nilikuwa na furaha kuliko yeye. Kila akiuliza, kabla sijajibu mpira umeshapita. Nikienda kununua chakula narudi iningi imekwisha. Akaacha kuuliza. Mwisho tukafika iningi ya kumi, na mnajua tangu 2020 wameweka utaratibu kwamba kuanzia iningi ya kumi kila timu inaanza na mtu besi ya pili, na 2023 wakaufanya wa kudumu. Baba akashtuka.

"Yule amefikaje pale?"

"Amewekwa, baba."

"Amewekwa na nani? Kapiga saa ngapi?"

Hajapiga. Hakufanya lolote. Mpira mmoja wa chini akaenda besi ya tatu, mmoja wa juu ukadakwa akakimbia akaingia, mechi ikaisha. Baba alibaki amekaa watu wakitoka. Kwenye gari hakuizungumzia mechi kabisa, alizungumzia mvua.

Na wenyewe wanajua si sawa, kwa maana kwenye mechi za mtoano za Oktoba mtu huyo wa kuwekwa hayupo. Fainali ya 2025, mechi ya tatu, Dodgers na Toronto walikwenda iningi 18, saa sita na dakika 39, mpaka Freddie Freeman wa Dodgers alipoupiga mpira ukatoka nje ya uwanja. Kuna aliyelalamika kwamba ni ndefu? Mimi nilikwenda kazini bila kulala na sijutii.

NYONGEZA: Nimesoma majibu, nijibu machache.

Aliyesema mashabiki wameongezeka, zaidi ya milioni 70 mwaka 2023: ni kweli, na siwezi kukana. Ila mwaka ule ule walipanua besi kutoka inchi 15 hadi 18, wakazuia walinzi kujazana upande mmoja, na wizi wa besi ukapanda kutoka 2,486 hadi 3,503. Watu walikuja kuona wanariadha wanakimbia. Besi pana sikuipinga, hata wale wachezaji wanne kwenye kamati hawakuipinga.

Aliyeleta suala la mikono ya warushaji kuumia kwa sababu ya saa: chama cha wachezaji kililisema Aprili 2024, ligi ikakanusha, na ripoti ya ligi ya Desemba mwaka ule ikaegemea kwenye watu kurusha kwa nguvu zote kila mpira. Kwa hiyo sikuliweka kwenye malalamiko yangu. Kesi yangu haihitaji hilo.

Ndugu uliyesema besiboli si mchezo wetu, hayo ni yako. Watoto wa Lugazi, Uganda, walifika Williamsport 2012 kwenye kombe la dunia la watoto, wa kwanza kutoka Afrika. Hao nao waambie si wao.

Na mkuu aliyeuliza nataka nini hasa. Nataka sekunde 45 zikatwe kwenye kila mapumziko. Mara 17 ni karibu dakika 13. Kwa dakika hizo 13 mrushaji arudishiwe sekunde zake 20, mpigaji anayepigiwa makofi aachwe apigiwe, na kikomo cha kumrushia mkimbiaji kiondoke kuanzia iningi ya saba. Mtu wa kuwekwa besi ya pili aondolewe kabisa. Mechi bado itakuwa fupi.

Nina kifurushi cha tiketi za mechi 20 kila msimu, na barua ya kunitaka nilipie cha msimu ujao iko hapa mezani. Siilipi. Kesho naijibu kwa maandishi, na hesabu ya dakika 38 naiweka mstari wa kwanza. Mlioko huku mnaotaka kuitumia kwa timu zenu, niandikieni inbox niwape kama nilivyoiandika.