Tupeane uzoefu: pevingi za uani zisititie

Mleta mada
Wakuu, tukusanye hapa ya kuzingatia kwenye kutandika pevingi (bloku za zege za kupanga chini) uani, sehemu ya kukaa na kutembea tu. Naanza na hesabu. Bloku za sm 20 kwa 10 zinaingia 50 kwa mita ya mraba. Ua wa mita 40 za mraba unataka 2,000, ongeza 100 za kukata na kuvunjika. Unene wa milimita 60 unatosha.

FundiUani
Pevingi ikititia, shida huwa chini. Toa udongo wote wenye mizizi, chimba kama sm 20. Mwaga moramu (udongo wa changarawe) au kokoto zenye vumbi lake, lowanisha kidogo, shindilia kwa kompakta (mashine ya kushindilia) ibaki sm 10. Mteremko uwekwe hapo hapo kwenye moramu, sm 2 kwa kila mita, maji yakimbie ukuta wa nyumba. Ukija kusawazisha kwa mchanga, pale mchanga ulipozidi ndipo patakapobonyea.

Mjenzi wa Nairobi
Kwa udongo mweusi kama wa Embakasi, sm 10 hazitoshi. Ule huvimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na kabro (ndivyo tuitavyo pevingi huku) hufuata. Utoe kwa kina zaidi, ujaze moramu kwa tabaka, kila tabaka ishindiliwe peke yake.

FundiUani
Kweli kabisa. Mchanga sasa: juu ya moramu laza mabomba mawili ya unene wa sm 4, mwaga mchanga katikati, kokota ubao ulionyooka juu ya mabomba, yatoe, ziba mifereji kwa mwiko. Usiukanyage tena. Panga ukisimama juu ya bloku ulizokwisha kupanga, na uvute uzi kila baada ya mistari michache. Mchanga wa baharini usiuguse, chumvi yake hutokeza weupe juu ya bloku.

Mama Mjengo
Kuchanganya saruji kwenye mchanga je? Mafundi wengi hufanya.

FundiUani
Hapana, dada. Tabaka jembamba vile hupasuka, maji yakakwama. Pesa hiyo ipeleke kwenye kingo: mawe ya pembeni yakae kwenye zege, na zege la nyuma lifike nusu ya kimo chake. Bila kingo bloku hutambaa nje, nafasi zinafunguka, mchanga unatoroka.

Mjenzi wa Nairobi
Kumalizia, fagilia mchanga laini uliokauka, pitisha kompakta yenye mpira chini, fagilia tena. Baada ya wiki mchanga utakuwa umeshuka, rudia kujaza.