Ati miaka 47 ndo mzee? Nauliza kuhusu ajira za hoteli

mpishi_wa_kusini:
Asalam alaykum jamani. Mie mpishi, miaka 19 nipo jikoni, nimepika hapa Zanzibar, Nungwi mpaka Paje, hoteli ya mwisho walipunguza watu basi tangu Mfunguo Mosi nazunguka na sivii. Juzi nikaitwa intavyuu huko Kiwengwa, bosi hata hajaniuliza napika nini, kaangalia mvi zangu akasema "mzee wangu, tunatafuta timu changa". Mzee wangu! Namzidi miaka kumi tu. Na tangazo lao limeandikwa mwisho miaka 35. Hivi inaruhusiwa kweli?

binti_chake:
Pole kaka. Bara sheria yao ya ajira ya 2004, kifungu cha 7, imetaja umri waziwazi kwenye ubaguzi, ila ile haivuki bahari, sie tuna yetu namba 11 ya 2005. Lipige picha tangazo kabla hawajalifuta, uende Kamisheni ya Kazi ukawaulize.

Baharia77:
Mie nimesimamia jiko, nakwambia si mvi hizo. Kijana anakubali mkataba wa msimu, masika hoteli ikifunga anarudi kwao kimya. Wewe una watoto skuli, utauliza michango ya ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, utauliza ovataimu. Hilo ndo wanaloliogopa, basi wanasingizia umri.

mpishi_wa_kusini:
Wallahi ZSSF niliuliza kwenye simu kabla sijaenda 😂 Haya, picha ninayo, Jumatatu nakwenda. Mke wangu yeye anasema nipake hina kwanza.