Maji ya bomba yamekuwa kijani, tunaambiwa "chemsheni mnywe". Hivi kuna mtu anapima sumu au tunabahatisha tu?

Wakuu, heshima kwenu.

Nimevumilia nimechoka. Niko kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Ghuba ya Mwanza. Jina la kijiji naliweka kapuni kwa sasa, maana huku ukiandika jambo kesho unaitwa ofisini kueleza nani kakutuma. Maji ya mradi wetu yanatoka ya kijani, yananuka matope yaliyooza, na yakikaa kwenye ndoo usiku kucha asubuhi unakuta utandu juu. Tumelalamika kwa mwenyekiti, mwenyekiti kapeleka kwa jumuiya ya watumia maji, jumuiya ikapeleka "ngazi za juu", na huko ngazi za juu limeshuka tangazo la nusu ukurasa lililobandikwa kwenye kioski cha maji: wananchi msiwe na hofu, huo ni mwani wa kawaida wa msimu, chemsheni maji kabla ya kunywa. Mhuri, sahihi, imeisha hiyo.

Hilo neno "chemsheni" ndilo limenifungulisha uzi.

Kuchemsha kunaua vijidudu. Kipindupindu, homa ya matumbo, amiba, hapo sina ugomvi na mtu. Ila hiki kinachoelea ziwani siyo ukoga wa kwenye mtungi. Ni sianobakteria, yaani bakteria wa kijani ambao watu huwaita mwani, na wanaojulikana zaidi kwa kufanya hivi wanaitwa Microcystis. Baadhi yao wanatengeneza sumu iitwayo mikrosistini, ambayo kazi yake ni kuharibu ini. Sumu hiyo haifi kwa moto wa jiko lako. Tena ukichemsha maji yenye hao wadudu, seli zao zinapasuka na kumwaga sumu yote iliyokuwa ndani, huku maji yakipungua kwa mvuke na sumu ikibaki kwenye sufuria. Yaani mama kanunua mkaa kwa bei hii ya sasa ili aikoleze.

Na msiseme haya ni maneno ya mitandaoni. Agosti 2014 mji wa Toledo, jimbo la Ohio kule Marekani, ulikuta mikrosistini kwenye maji yake ya bomba, ambayo wanayavuta Ziwa Erie. Watu zaidi ya 400,000 waliambiwa wasinywe, na tangazo lilisema waziwazi: MSICHEMSHE. Kwa takriban siku tatu watu walipanga foleni ya maji ya chupa mpaka vipimo viliposhuka. Sasa tangazo la kwao linasema msichemshe, la kwetu linasema chemsheni, na mwani ni wa ukoo uleule. Nani kati yao hajui kazi yake?

Kwenye mkutano wa hadhara mama mmoja alimuuliza mtaalamu, kwa adabu kabisa, "Mwanangu, haya maji mmeyapima?" Jibu: "Mama, maji yanapimwa kila mara, yako salama." Karatasi ya majibu ikaletwa, nami nikaomba kuishika. Ilikuwa na mstari wa tope, wa rangi, wa chumvichumvi, wa klorini iliyobaki, wa bakteria wa kinyesi. Mstari wa mikrosistini haupo. Siyo kwamba waliandika sifuri, hakuna huo mstari kabisa! Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ambayo mtu atayanywa maisha yake yote. Sisi tuko juu ya hapo au chini? Hakuna anayejua, halafu mtu anasimama mbele ya watu wazima anatamka "salama".

Kuna jamaa watakuja hapa kusema ziwa limekuwa hivi tangu enzi za mababu. Mwani ulikuwepo, sikatai. Lakini tangu 2005 watafiti wameshaandika kwamba mikrosistini imo kwenye Ziwa Victoria upande wa Tanzania, Ghuba ya Mwanza ikiwemo. Wenzetu wa Kenya kwenye Ghuba ya Winam, kule Kisumu, hali yao ni mbaya zaidi, kwa sababu ghuba yenyewe ni ya kina kifupi na mdomo wake mwembamba, maji hayatoki kirahisi. Hii siyo siri ya serikali.

Twende kwenye chanzo chenyewe, maana hapo ndipo utalia. Bomba letu la kuvutia maji limelazwa hatua chache kutoka mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, kwenye maji ya kiunoni, mdomoni limefungwa kipande cha neti. Mwani huu una vijifuko vya hewa, kwa hiyo ziwa likitulia unapanda juu, kisha upepo unausukuma wote kuja ufukweni. Asubuhi nyingine ni kama mtu kamwaga debe la rangi ya mafuta. Ukichovya mkono unatoka umepakwa. Unaokauka kwenye mawe unaacha gamba lenye rangi ya buluu. Na pampu inavuta hapohapo.

Halafu fundi wa pampu, kijana mwema tu anayefuata alichoelekezwa, akiona maji yamezidi ukijani anaongeza unga wa klorini kwenye tangi la maji ghafi. Anaua mwani, eeh, lakini anaupasua ukiwa bado ndani ya maji, na sumu inabaki humo. Utaratibu unaoeleweka ni kuutoa kwanza ukiwa mzima, kwa shabu na kuchuja taratibu, ndipo klorini ya kutosha ije mwishoni. Penye sumu nyingi wanatumia unga wa mkaa maalumu wa kunasa sumu. Chujio la mchanga tuliahidiwa wakati wa uzinduzi. Sherehe ya uzinduzi tuliiona, ng'ombe tulikula.

Kwa nini napiga kelele hivi? Februari 1996, mji wa Caruaru kule Brazili, wagonjwa wa figo walisafishwa damu kwa maji yaliyotoka kwenye bwawa lenye sianobakteria. Waliokufa kwa ini kuharibika walizidi 50. Najua, kwao sumu iliingia moja kwa moja kwenye damu, kunywa ni jambo jingine. Na 2020 Botswana tembo zaidi ya 300 walikufa, serikali yao ikatangaza ni sumu ya sianobakteria kwenye mabwawa. Tembo, wakuu! Sisemi kijijini kwetu kuna mtu kafa kwa mwani. Watoto wanatapika na kuharisha, wakioga wanawashwa, zahanati wanapewa dawa za minyoo wanarudi nyumbani. Inaweza kuwa mwani, inaweza kuwa kitu kingine. Pimeni basi tujue.

Na wasituletee ile ngonjera ya "elimu kwa wavuvi". Mwani unalishwa na fosforasi na naitrojeni, ambazo zinatoka kwenye vyoo, maji taka ya miji, mbolea na udongo wa mashamba yasiyo na miti. Nenda kauangalie Mto Mirongo unavyokatiza Mwanza mjini mpaka ziwani, kisha uje umlaumu mvuvi wa dagaa.

Bili haijawahi kukosea njia. Ndoo ni shilingi 50, iwe nyeupe iwe kijani, na usipolipa unakatiwa siku hiyohiyo. Tunachotaka hakihitaji mfadhili: lile tangazo libanduliwe leo, bomba lisogezwe mbali na mwalo na chini zaidi, klorini isitangulie kuchuja, na siku ziwa likichafuka wazi pampu izimwe watu waambiwe msinywe, hata kama mapato yatashuka.

Mkaguzi wa maji akisema hana fungu la kupima, tuko tayari kuchanga. Ndiyo maana naomba mwenye kujua aje hapa: maabara gani nchini inapima mikrosistini kwa mtu binafsi, bei yake ikoje, na sampuli inabebwaje? Nimesikia inatakiwa chupa ya kioo, gizani, kwenye barafu. Barafu ya samaki ipo mwaloni, chupa nitatafuta.