Mlango wa dharura wa ndege ukifunguliwa kwa kutojua, alaumiwe abiria au shirika?

Binti Chumbageni
Wana Tanga, hili naomba tulijadili. Mama yangu mkubwa kapanda ndege kwa mara ya kwanza, akapewa siti ya pembeni ya mlango wa dharura. Mhudumu akaja kumuuliza kama yuko tayari kusaidia likitokea la kutokea. Akaitikia kwa kichwa, kama alivyoitikia kila alichoulizwa siku ile. Ndege imeshatua, watu wanainuka, naye akatafuta pa kushika asimame. Mkono ukaenda juu ya dirisha, kwenye kifuniko cha hendeli, vidole vishaingia ndani. Kijana wa siti ya jirani akamdaka kiganja. Kisha akaambiwa mbele za watu kwamba angevuta angeshitakiwa. Mie nauliza, ashitakiwe kwa kosa gani?

Fundi Majani Mapana
Mpe pole mama. Ila watu wasije wakaogopa bure. Ndege kubwa ikiwa juu kabisa, hewa iliyoshindiliwa ndani inaukandamiza mlango kwenye fremu yake kwa nguvu inayozidi tani 5 kwa kila mita ya mraba. Hakuna binadamu wa kuushinda. Hatari ipo ndege ikiwa chini au inakaribia kutua, kwa sababu presha imeshapungua na hendeli inatii. Milango mikubwa ndiyo yenye slaidi, ule mtelezo wa mpira. Ukiwa umeshategwa kwa safari, mlango ukifunguliwa tu slaidi inafumuka na kujaa upepo kwa sekunde chache. Aliyesimama chini inaweza kumuumiza.

Mzee wa Raskazone
Ashitakiwe, hapana mjadala hapo. Kadi ya maelekezo iko mbele ya magoti yako, mhudumu anaeleza, wewe umeinamia simu. Juni 2019 pale Manchester, Uingereza, abiria wa shirika la Pakistan alifungua mlango wa dharura akidhani ni choo, ndege ingali chini. Safari ikachelewa kama saa 7. Watu chungu nzima wanataabika kwa ajili ya mmoja. Tunapanda ndege na akili za mabasi ya stendi ya Kange, ndiyo shida yetu.

Konda Mstaafu Ngamiani
Shikamoo mzee. Hapo kwenye akili za mabasi ya Kange umetukosea sana. Maisha yangu yote nimehangaika njia ya Tanga na Dar. Abiria wangu ni wakulima wa machungwa wa Muheza, walimu, akina mama wa Korogwe na ndoo zao. Akili wanazo timamu. Kama hakuna aliyewaonyesha hendeli inafanya nini, wataijuaje?

Mzee wa Raskazone
Marahaba. Sijamtukana mtu, nimesema mazoea. Mtu aliyezoea kupiga bodi ya basi akashushwa popote, ndani ya ndege atataka hivyohivyo.

Msomi wa Pongwe
Fundi, hizo tani zako zilikuwa wapi kule Korea Kusini? Jamaa alifungua mlango ndege iko angani na watu wamejaa.

Fundi Majani Mapana
Rudia kusoma nilichoandika, kaka. Ile ni Mei 2023, Airbus A321 ya Asiana ikienda Daegu, na ilikuwa imebakiza mita 213 hivi kufika ardhini. Presha ilikuwa imeshapungua. Walitua wazima, ingawa baadhi walipelekwa hospitali kwa kubanwa pumzi. Tena yule hakukosea, alikusudia. Aliwaambia polisi alihisi anakosa hewa akataka kushuka upesi. Shirika likaacha kuuza siti iliyokuwa karibu na hendeli. Dada hapa anaongelea bibi asiyejua, ni mambo mawili tofauti.

Msomi wa Pongwe
Basi milango yote ifungwe na rubani, afungue yeye. Tumemaliza.

Nesi wa Bombo
Hatujamaliza. Mwaka 1980 ndege ya Saudia ilitua Riyadh ikiwa na moto ndani. Ilitua vizuri tu, ikasimama, lakini milango haikufunguliwa mapema. Walikufa wote 301. Na Bukoba tumesahau? Novemba 6, 2022, ndege imeingia ziwani na watu 43, wakafa 19, marubani wote wawili wakiwemo. Mlango unaosubiri ruhusa ya rubani siku ile ungemsubiri nani? Ndege kubwa inatakiwa itoe watu wote ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango haitumiki. Ndiyo maana hendeli ikawekwa mahali mkono wa yeyote unafika.

Fundi Majani Mapana
Njia ya kati ipo. Boeing 737 kuanzia kizazi cha NG (Next Generation, yaani kizazi kilichofuata), milango ya juu ya bawa ina kufuli linalojifunga lenyewe ndege inapoondoka na kuachia ikiwa imerudi chini. Umeme ukikatika linaachia pia. Kwa bibi aliyeshika hendeli ndege imeshatua, kufuli hilo halisaidii. Hapo anahitajika mtu wa kukaa naye dakika mbili amwonyeshe: hiki usikiguse, pa kushika ni hapa.

Mwana Pemba
Na sie wa ndege ndogo za kutoka uwanja wetu wa Tanga? Cessna Caravan haishindiliwi hewa ndani, hizo tani hazipo. Kinga ni komeo na macho ya aliyekagua mlango kabla haijaruka.

Konda Mstaafu Ngamiani
Mzee wa Raskazone bado hajanijibu. Anadai abiria wa basi hajui milango. Haya, kuna mabasi yamefungwa siti mbele ya mlango wa dharura, na nyuma yake marobota mpaka darini. Likipinduka pale Segera watu watokee wapi? Nyundo ya kuvunjia kioo haipo, imebaki ile pete yake tupu ukutani. Hapo nako utamshitaki abiria?

Mzee wa Raskazone
Nyundo wanaziiba abiria haohao unaowatetea.

Konda Mstaafu Ngamiani
Umewaona kwa macho yako? Basi linalala gereji, linaoshwa, linapita mikono mingapi? Kila kitu abiria, abiria!

Binti Chumbageni
Jamani, mie nilimuulizia mama yangu mkubwa. Fundi kasema dakika mbili za kuonyeshwa. Kwa nini siti hiyo apewe mtu ambaye hajawahi kupanda ndege, halafu lawama abebe yeye?

Msomi wa Pongwe
Nyundo zinaibwa kweli, ila ningekuwa mwenye basi ningezifunga kwa mnyororo.

Nesi wa Bombo
Mnyororo mfupi haufiki kioo cha mbali, na usiku kwenye moshi utaupapasa mpaka lini? Ziwe nyingi, zikaguliwe kila asubuhi kabla basi halijatoka.

Mzee wa Raskazone
Konda, hizo siti zilizoziba mlango ziko basi lipi? Usiseme kwa jumla.

Konda Mstaafu Ngamiani
Jina la kampuni siandiki hapa. Njoo stendi kesho alfajiri, nitakushika mkono nikupandishe mpaka siti ya nyuma uone mwenyewe.

Mzee wa Raskazone
Nakuja baada ya swala. Na nikikuta siti imeziba mlango, dereva nitamuuliza mimi.