Naomba ushauri: dawa ya wadudu inamuumiza mama mdogo

Ndugu zangu, mimi niko Goma, mama mdogo analima kabichi na viazi Kibumba. Dawa ya kupulizia anainunua sokoni, imemiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina hata karatasi ya maelezo. Anaificha chini ya kitanda, wanakolala watoto!

Juzi alirudi shambani jasho na mate vinamtoka, haoni vizuri. Jirani akamnywesha maziwa. Bahati nzuri muuguzi alikuwa na atropini, dawa ya kupambana na sumu ya aina hiyo. Akasema ile ya kupulizia ni organofosfati, sumu ya wadudu inayopenya hata kwenye ngozi.

Kuacha hawezi, kabichi ndiyo ada ya shule. Wenye mashamba, dawa mnaiweka wapi? Nguo za kupulizia mnazifua vipi? Na mtu akizidiwa usiku, kituo cha afya kiko mbali, tuanze na nini?