Kamera za akili mnemba JNIA, uwanja wa ndege wa Dar es Salaam: dawa ya ucheleweshaji au fimbo ya wapakiaji?

Abiria Mwenye Haraka: Wakuu, uwanja wa ndege wa Schiphol kule Amsterdam wana mfumo wao, Deep Turnaround. Kamera zinaitazama ndege tangu inaegeshwa mpaka inasukumwa. Programu inajua kabari za magurudumu zimewekwa saa ngapi, bomba la mafuta limeunganishwa saa ngapi, kisha inakadiria muda wa kuondoka. Terminal 3 yetu ipo tangu 2019, madaraja ya abiria yapo. Kwa nini tusifunge? Angalau tusiwategemee vijana wa mizigo, ambao hata kabari wanaweka kwa kubahatisha.

Koni Nne: Kubahatisha! Injini zinazimwa, taa nyekundu ya tumboni inazima, ndipo watu wanaruhusiwa kusogea. Kabari, koni kwenye ncha za mabawa, halafu gari la mkanda wa kupandishia na kushushia mizigo. Dereva wake anasimama kabisa kwanza kujaribu breki, kisha anasogea mwendo wa kutambaa, na mkanda hauachwi ukagusa bodi ya ndege. Unayeona "wanazubaa" anasubiri feni ya injini isimame. Ukitaka kubahatisha, jaribu kupita mbele yake ikiwa inazunguka.

Dada Lodishiti: Turudi kwenye mada. Kamera inaona mlango wa mizigo umefungwa, haioni hati ya uzito haijafika kwa rubani. Abiria mmoja asipopanda, begi lake lazima lishuke. Kwenye ndege ya Boeing 737 mabegi yanapangwa kwa mkono bila makontena, kwa hiyo mnatoa rundo zima kutafuta moja. Programu ilishasema "tayari" dakika kumi nyuma. Bila kuiunganisha na kaunta na geti, mmenunua saa ya ukutani kwa bei ya ghorofa.

Fundi wa 400Hz: Dada, hilo la begi ndilo linalofaa kurekodiwa. Leo ndege ikichelewa vita ni ya namba za sababu za ucheleweshaji: shirika linaandika 32, upakiaji, kampuni ya huduma inadai ni 15, geti lilikosea hesabu ya abiria. Kila mmoja ana karatasi yake. Picha yenye saa inamaliza ubishi.

Koni Nne: Inamaliza ubishi kwa faida ya nani? Picha akiwa nayo shirika, faini inakatwa kwa mkandarasi, mkandarasi anakata kwa kibarua. Na 33 je, vifaa pungufu? Gari la mkanda moja linahudumia ndege mbili, kamera itaandika "upakiaji umechelewa kuanza".

Abiria Mwenye Haraka: Visingizio. Mnapakua nyuma kwanza wakati mabegi ya daraja la kwanza yapo mbele, tunaona dirishani.

Koni Nne: Daraja la kwanza kwenye 737 ya wapi hiyo? Nyuma inatangulia kwa sababu ya mkia! Chukua 737 MAX 9, ndefu ile: abiria wanashukia mlango wa mbele, ukatoa na mizigo ya mbele, uzito wote unabaki nyuma. Pua inanyanyuka, mkia unakaa chini. Kupakua, nyuma kwanza. Kupakia, mbele kwanza.

Mtani wa Kipawa: 😂 Jamaa kaja na Amsterdam, anaondoka na somo la mizani.

Fundi wa 400Hz: Mkia unazuiliwa na nguzo ya kuegemeza inayowekwa chini yake, siyo mpangilio peke yake.

Koni Nne: Nguzo inazuia ikishatokea. Mpangilio unazuia isitokee. Na nguzo ikisahaulika wakati wa kusukuma ndege, hasara nyingine hiyo.

Fundi wa 400Hz: Basi umejijibu. Nguzo iliyosahaulika ndiyo kazi ya kamera! IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, walisema 2022 kwamba uharibifu wa ndege zikiwa chini unaweza kukaribia dola bilioni 10 kwa mwaka ifikapo 2035, na mwingi unatokana na vifaa kugonga bodi. Anzeni na vihisi vya umbali kwenye magari ya mkanda, kamera zifuate.

Dada Lodishiti: Uwanja wa ndege wa Denver, Marekani, nao walianza kwa kuamini mashine ya mizigo. Uwanja ukachelewa miezi 16, ukafunguliwa 1995.

Fundi wa 400Hz: Denver ilikuwa reli na vigari, dada. Usichanganye.

Dada Lodishiti: Na programu ya kuviongoza je, ilikuwa ya mbao?

Mtani wa Kipawa: Swali dogo: maegesho ya mbali yasiyo na daraja, kamera inafungwa wapi? Kwenye basi la abiria?

Koni Nne: Muulize wa Amsterdam. Bado nasubiri aniombe radhi kuhusu kabari.